Shamba la babu Kutch na thumuni ya binti

Swali la msomaji wa Mombasa: Baba wa babu yangu alikuwa na shamba la ekari 24 karibu na Bhuj, wilaya ya Kutch, Gujarat. Alifariki 1948 na babu akalirithi. Babu alifariki 1979 bila wosia; bibi alikuwa ametangulia, na watoto wao walikuwa wawili tu, baba yangu na ami. Babu alinunua pia nyumba Bhuj mjini mwaka 1962 kwa pesa za duka lake la hapa Mombasa. Baba alifariki 1998, naye hakuacha wosia. Tumebaki mama, kaka, mimi na dada mdogo. Ami, anayeishi huko, anasema binti aliyeolewa hana chake kwao, na tena baba alikufa kabla ya sheria mpya ya 2005. Amenitumia karatasi ya kuachia haki nitie saini. Tuna haki gani, na watoto wetu je?

Jibu:

Usitie saini karatasi hiyo. Kwa maelezo uliyotoa, fungu lako ni thumuni ya shamba, yaani ekari 3 kati ya 24, na thumuni ya nyumba. Mama, kaka na dada yako kila mmoja ana kiasi hicho hicho, na nusu iliyobaki ni ya upande wa ami. Ami amekosea mara mbili: sheria ya 2005 inakuhusu hata kama baba alifariki 1998, na hata sheria hiyo isingekuwapo usingetoka mikono mitupu.

Kwanza tuondoe wasiwasi wa pasi. Ardhi hufuata sheria ya mahali ilipo, kwa hiyo shamba na nyumba ya Bhuj vitagawanywa kwa sheria ya India hata kama nyote ni raia wa Kenya. Sheria yenyewe ni Sheria ya Urithi wa Wahindu ya 1956, ambayo inawahusu pia Wajaini, Wabuddha na Masingasinga.

Neno linalowachanganya wengi ni "mali ya ukoo". Si kila alichoacha babu ni mali ya ukoo. Katika madhehebu ya sheria yanayoitwa Mitakshara, yanayofuatwa karibu India yote, ikiwamo Gujarat, mali ya ukoo ni ile mwanamume aliyoirithi kwa baba yake, babu yake au baba wa babu yake, ikabaki haijagawanywa. Mtoto huwa mshirika wa mali hiyo siku anapozaliwa. Aliyezoea faraidhi atashangaa, maana katika faraidhi hakuna urithi mpaka mwenye mali afe. Hapa mtoto hangoji kifo: anazaliwa na fungu lake, nalo hupungua anapozaliwa mwingine na kuongezeka mshirika anapokufa. Bengal na Assam wana madhehebu yao, Dayabhaga, ambamo mtoto hana kitu hadi baba afariki. Ukisoma maelezo mtandaoni, angalia kwanza yanazungumzia upande upi.

Tarehe ya kukariri ni 17 Juni 1956, siku sheria ilipoanza kutumika. Mtu aliyerithi kwa baba yake kabla ya siku hiyo alishika mali kama mali ya ukoo, pamoja na wanawe. Aliyerithi baada ya hapo chini ya kifungu cha 8, kinachotaja warithi wa mwanamume asiyeacha wosia, huipata kama mali yake binafsi, na wanawe hawana haki ya kuzaliwa ndani yake. Mahakama ya Juu ya India ililieleza hilo mwaka 1986 katika kesi ya Chander Sen. Baba wa babu yako alifariki 1948, kwa hiyo shamba lilikuwa la ukoo mikononi mwa babu. Angefariki 1958 tungekuwa na hesabu nyingine. Ndiyo maana cheti cha kifo, au ingizo la zamani la daftari la ardhi linaloonyesha jina lilivyohama mwaka 1948, ni karatasi ya thamani kuliko barua zote za ami. Anayedai kuwa mali ni ya ukoo ndiye anayetakiwa kuthibitisha, na kesi nyingi huangukia hapo: kila mtu kijijini anajua shamba ni la mababu, ila hakuna hata ukurasa mmoja wa kuonyesha.

Sasa hesabu ya shamba. Babu alipofariki 1979 hakuacha mjane, binti wala mama, kwa hiyo fungu lake liliwabakia washirika waliokuwa hai. Shamba likawa na matawi mawili, la baba yako na la ami, ekari 12 kila moja. (Kama kuna shangazi ambaye hukumtaja, niambie, kwa sababu hesabu yote itabadilika.)

Tuchukue ekari 12 za baba kwa sheria ya zamani, ile ambayo ami anaitegemea. Mwaka 1998 binti hakuwa mshirika. Lakini kifungu cha 6 cha zamani kilisema hivi: mshirika akifa na kuacha mrithi wa kike wa daraja la kwanza, kama mke au binti, fungu lake haliwaendei washirika wenzake bali hurithiwa. Ili kulijua fungu hilo, sheria hujifanya kana kwamba mali iligawanywa dakika moja kabla ya kifo. Mgawanyo huo wa kudhania ungewapa baba, mama na kaka ekari 4 kila mmoja, kwa kuwa kwa desturi ya upande wa Bombay, iliyotawala Gujarat, mke hupata fungu sawa na mwana pale baba anapogawana na wanawe. Kisha zile 4 za baba hugawanywa kwa mama na watoto watatu, ekari 1 kila mtu. Mama angetoka na 5, kaka 5, wewe 1 na dada 1. Kwa hiyo hata kwa kanuni za ami, "binti hana chake" si kweli.

Marekebisho yaliyoanza tarehe 9 Septemba 2005 yalimfanya binti kuwa mshirika kwa kuzaliwa, sawasawa na mwana, kwa haki na kwa madeni. Majimbo manne, Andhra Pradesh, Tamil Nadu, Karnataka na Maharashtra, yalikuwa yametangulia kuwapa mabinti wasioolewa haki hiyo, Gujarat haikuwamo. Sheria ya 2005 haikuuliza habari ya ndoa. Kilichobaki na ubishi ni iwapo baba lazima awe alikuwa hai siku ile. Hukumu ya 2015, katika kesi ya Prakash dhidi ya Phulavati, ilisema ndiyo, na inaonekana ami yako, au wakili wake, aliishia hapo. Tarehe 11 Agosti 2020 jopo la majaji watatu katika kesi ya Vineeta Sharma dhidi ya Rakesh Sharma liliibatilisha. Haki ni ya binti kwa kuzaliwa kwake, si zawadi inayopitia uhai wa baba. Jopo likaongeza jambo linalowagusa ninyi moja kwa moja: ule mgawanyo wa kudhania wa siku ya kifo haukuwa mgawanyo wa kweli, ulikuwa wa kuhesabia tu, kwa hiyo haukuuvunja ushirika.

Hesabu mpya basi: ekari 12 kwa watu watano, baba, mama na watoto watatu, ni ekari 2.4 kila mmoja. Zile 2.4 za baba zigawe kwa wanne waliobaki, 0.6 kila mtu. Jumla ekari 3. Kaka ameshuka kutoka 5 hadi 3, na mama vilevile, kwa hiyo zungumzeni nyumbani kabla wakili wa ami hajamwambia kaka yako kwamba maslahi yake yako upande wa pili.

Nyumba ina njia tofauti, ingawa inafika mahali pale pale. Babu aliinunua kwa jasho lake, hivyo ilikuwa yake binafsi. Angeweza kumwachia jirani kwa wosia na mtoto yeyote asiwe na la kusema. Hakuandika wosia, kwa hiyo 1979 wanawe wawili walirithi nusu kwa nusu, kila mmoja kama mali yake. Nusu ya baba 1998 iliwaendea mama na ninyi watatu kwa usawa, kila mmoja thumuni ya nyumba. Hapo marekebisho ya 2005 hayana kazi; binti alikuwa mrithi wa daraja la kwanza tangu 1956. Kitu kimoja tu kilibadilika: kifungu cha 23, kilichomzuia binti kudai nyumba ya makazi igawanywe mpaka ndugu zake wa kiume waridhie, kilifutwa 2005. Kuhusu nyumba yenyewe, kumbuka Bhuj ilibomoka katika tetemeko la 26 Januari 2001 na viwanja vya mji wa zamani vikapangwa upya. Namba iliyo kwenye hati ya 1962 huenda si namba ya leo, na eneo huenda limepungua. Anzia na hati ya ununuzi, kisha ulizia mamlaka ya mipango ya mji kiwanja hicho kiligeuzwa kuwa kipi.

Tegemea kuwa ami atakapoona 2005 haimsaidii atasema mali iligawanywa zamani. Sheria ya 2005 haigusi mgawanyo, mauzo wala wosia uliofanyika kabla ya 20 Desemba 2004. Ila mgawanyo unaokubalika ni ule uliosajiliwa au uliotolewa na mahakama. Karatasi ya ndugu kwenye stempu ya rupia chache haitoshi. Maneno ya mdomo hukubaliwa kwa nadra sana, pale tu yanapoungwa mkono na nyaraka za serikali zinazoonyesha kuwa mgawanyo ulikamilika. Hapo ndipo pa kuchunga: kama daftari la ardhi la miaka ya 1980 linaonyesha shamba limekatwa vipande viwili na kila tawi likilipa kodi yake, ami ana hoja. Hata hivyo hoja hiyo haimpi kipande chenu. Itathibitisha tu kuwa ekari 12 ni za tawi la baba yako.

Daftari lenyewe unaweza kuliona ukiwa Mombasa. Serikali ya Gujarat ina tovuti iitwayo AnyRoR, na unachohitaji ni jina la wilaya, taluka (tarafa), kijiji na namba ya shamba. Fomu ya kijiji namba 7 huonyesha eneo na majina ya wamiliki, namba 12 mazao, na kwa pamoja watu huziita "saat-baar", yaani saba-kumi na mbili. Eneo limeandikwa kwa hekta, ari na mita za mraba. Ekari 24 zenu zinapaswa kusomeka karibu na 9-71-25. Ukikuta 4-85, yaani nusu yake, ujue kipande kimeshahama. Kwenye fomu ya 7 kuna orodha ya namba za "nondh", yaani maingizo. Fuata kila namba katika fomu ya 6, ambako imeandikwa nani alitoka, nani aliingia na kwa sababu gani. Tafuta hasa neno "hak kami", kupunguza haki. Ndilo ingizo linalotumika kuondoa majina ya mabinti, na ndilo karatasi ya ami inalotaka kuzalisha.

Kisheria kuachia haki katika ardhi ya thamani inayozidi rupia 100 kunahitaji hati iliyosajiliwa kwa msajili. Kauli iliyotiwa saini mbele ya karani wa kijiji, talati, haihamishi umiliki, na mahakama zimerudia mara nyingi kwamba daftari la ardhi ni la kodi, si la kuthibitisha mwenye mali. Lakini usijifariji kupita kiasi. Jina likishaondoka, ami anaweza kumuuzia mtu aliyelitegemea daftari, na ninyi mtabaki kuhangaika na kesi.

Hatua inayofuata ni kuingiza majina yenu, "varsai". Inahitaji vyeti vya vifo vya babu na baba, na "pedhinamu", mti wa familia unaothibitishwa na talati mbele ya mashahidi. Pedhinamu ndiyo mlango wa hila nyingi: anayeiandaa huandika wana tu, au huwaacha waliohamia Afrika kana kwamba hawakuzaliwa. Hakikisheni yenu inataja watu wote, walio hai na waliokufa. Tatizo la pili ni majina. Kwa Wagujarati binti hubeba jina la baba katikati, na akiolewa hubeba la mume, hivyo cheti chako cha kuzaliwa na pasi yako vinaweza kusomeka kama watu wawili. Andaa kiapo cha kueleza kuwa ni mtu mmoja. Ingizo likishaandikwa, notisi ya kifungu cha 135D cha sheria ya kodi ya ardhi ya Gujarat hutolewa kwa wahusika, na kuna siku 30 za kupinga. Notisi hiyo hutumwa kwa anwani ya kijijini, anakoishi ami. Ndiyo sababu mnahitaji mtu wenu huko wa kuangalia.

Mtu huyo mpeni hati ya uwakala yenye mipaka: kuchukua nakala, kuwasilisha varsai, kupinga maingizo, kufungua na kuendesha kesi. Iandikwe waziwazi kuwa hana ruhusa ya kuuza, kutoa zawadi, kuweka rehani wala kuachia haki. Hati ya uwakala ya jumla, aliyopewa binamu "asaidie mambo ya huko", imewapotezea watu ardhi nyingi kuliko kughushi saini. Isaini mbele ya ubalozi wa India, na ikifika India ilipiwe ushuru wa stempu ndani ya miezi mitatu. Ikipitisha muda huo itakwama mezani.

Mazungumzo yakishindikana, fungueni shauri la kugawana mali katika mahakama ya wilaya mali iliko. Mahakama hutoa kwanza hukumu ya awali inayotaja mafungu, kisha shamba linalolipa kodi ya ardhi hupelekwa kwa Kolekta, ofisa mkuu wa serikali wa wilaya, akate mipaka. Nyumba isiyogawanyika inaweza kuuzwa chini ya Sheria ya Mgawanyo ya 1893 na pesa zikagawanywa. Ombeni zuio la kuuza siku hiyo hiyo ya kufungua shauri, na notisi ya kesi isajiliwe kwa msajili wa hati. Muda ni miaka 12 tangu mtu ajue kuwa ametengwa na mali ya familia. Ule ujumbe wa ami kwamba huna chako unaweza kuhesabiwa ndiyo mwanzo wa saa. Uhifadhi pamoja na tarehe yake, wala usiufute kwa hasira.

Nje ya mahakama, ami anaweza kuendelea kulisimamia shamba kama karta, msimamizi wa ukoo. Karta anaruhusiwa kuuza kwa dharura ya kweli ya familia, kama matibabu, deni, kodi au harusi, au kwa faida ya mali yenyewe. Hawezi kumgawia mtu kwa sababu ya mapenzi. Mahakama ya Juu ililikataa hilo 2022 katika kesi ya K.C. Laxmana.

Watoto wenu sasa. Watoto wa kaka, wa kiume na wa kike, ni washirika tangu kuzaliwa katika zile ekari 2.4 za kaka za ushirika, si katika 0.6 alizorithi kwa baba, hata aliye tumboni mwa mama. Kaka akiuza kipande hicho bila sababu inayokubalika, wana miaka 12 ya kupinga tangu mnunuzi alipokitwaa. Katika nyumba hawana kitu maadamu baba yao yu hai. Wako ni tofauti: mtoto wa binti si mshirika katika ukoo wa babu yake mzaa mama, kwa hiyo wanao hawawezi kudai leo. Watarithi kwako, pamoja na baba yao, usipoandika wosia. Na usingekuwa na mtoto, ulichorithi kwa baba kingerudi kwa warithi wa baba yako, si kwa mumeo. Wosia unaruhusiwa hata kwa fungu la ukoo, ukiwa na mashahidi wawili.

Mtoto wa kuasiliwa kisheria ni sawa na wa kuzaliwa kuanzia siku ya kuasiliwa, ila hamnyang'anyi mtu mali ambayo tayari ni yake. Mtoto wa kambo harithi kwa baba wa kambo. Mtoto wa ndoa batili, kwa mfano mke wa pili aliyeolewa wa kwanza akiwapo, si mshirika wa ukoo, lakini tangu hukumu ya Revanasiddappa ya 1 Septemba 2023 ni wazi kuwa anashiriki katika fungu ambalo mzazi wake angepata siku ya kifo. Ulizeni nyumbani mapema kama yuko mtoto wa namna hiyo, wa baba au wa babu. Akijitokeza baada ya hukumu ya awali mtarudi mwanzo.

Mkishapata na mkataka kuuza, kuna kizuizi cha mwisho. Wenye kadi ya uraia wa ng'ambo wa India, OCI, wanaweza kurithi shamba la kilimo lakini hawawezi kununua, na wakiuza ni kwa raia wa India anayeishi India. Kwa hiyo mpango wa dada kumuuzia kaka fungu lake wakiwa wote Mombasa hautasajiliwa. Nyumba ya mjini haina sharti hilo la kilimo, na pengine ndiyo ya kuanza nayo katika mazungumzo na ami: yeye abaki na nyumba yote, ninyi mpate thamani yake kwa ekari, na kila kitu kiandikwe katika hati moja ya mgawanyo iliyosajiliwa, baada ya wakili wa Bhuj kuthibitisha kwamba hati hiyo haihesabiki kuwa ununuzi wa shamba.